Johnny Walker Hakuwa Mapumziko ya Katikati ya Picha

Kwa muda sasa simu za watu wa Unguja na Pemba zimekuwa zikipokezana vipande vya picha za zamani za Kihindi. Vinapita katika makundi ya WhatsApp ya familia na ya waliosoma pamoja skuli, vinaoneshwa barazani mtu akiinua simu ili mwenzake aone, na vingi kati ya vinavyorudiwarudiwa ni vya mtu mmoja mwembamba, mwenye masharubu ya mstari na sauti ya puani, anayetembea kana kwamba miguu yake imegombana na kiwiliwili. Huyo ni Johnny Walker. Vingine vimetiwa rangi na mashine ingawa picha zenyewe zilipigwa nyeusi na nyeupe. Vingine vimewekewa maneno ya Kiswahili yasiyohusiana hata kidogo na alichokisema. Wazee wanafurahi kwamba vijana hatimaye wameonja kichekesho chenye adabu, vijana wanafurahi kwamba wamegundua kitu kipya, na pande zote mbili zinakubaliana kwamba mchekeshaji wa zamani amefufuka. Mimi ni mpenzi wake wa siku nyingi na ningependa kukubaliana nao. Siwezi. Kinachozunguka katika simu zetu ni nusu ya Johnny Walker, tena nusu nyepesi. Ile iliyokatwa na kuachwa ndiyo iliyowafanya wazee wetu wampende, na tukiendelea kuamini kwamba tunaye mzima tutampoteza huku tukimshangilia.

Niseme kwanza alikuwa nani, maana wengi wanaomcheka hawamjui hata jina. Alizaliwa Indore, India, akaitwa Badruddin Jamaluddin Kazi. Kiwanda alichokuwa akifanya kazi baba yake kilifungwa, familia ikahamia Bombay, na kijana akafanya kazi za kila aina mpaka akawa kondakta wa mabasi ya jiji kwa mshahara wa rupia 26 kwa mwezi. Ndani ya basi alikuwa akiwachekesha abiria kwa kuiga watu na kutangaza vituo kwa mbwembwe. Mwigizaji Balraj Sahni, aliyekuwa wakati huo akiandika mchezo wa picha ya Baazi, alimwona humo na akamwambia aende kwa mwongozaji Guru Dutt akajifanye mlevi. Akaenda, akapepesuka, akaropoka, na Guru Dutt alipojua kwamba kijana yule mzima wa akili hajanywa hata tone, akampa nafasi katika picha hiyo iliyotoka mwaka 1951. Jina la Johnny Walker nalo alipewa na Guru Dutt, kutokana na pombe inayojulikana dunia nzima. Mwenyewe, Muislamu, alisema hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Tangu hapo aliigiza katika picha zipatazo 300, akapata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi kwa Madhumati ya mwaka 1958 na ya uchekeshaji kwa Shikar ya 1968, akajitenga na sinema alipoona vichekesho vimeingia matusi, akarudi mara moja katika Chachi 420 ya mwaka 1997, na akafariki Mumbai tarehe 29 Julai 2003. Alijivunia jambo moja kuliko tuzo zote: kwamba katika picha zote hizo wakaguzi wa serikali hawakukata hata mstari mmoja aliousema.

Sasa mtu kama huyu alifikaje kuwa wa kwetu? Kufikia nusu ya pili ya miaka ya 1950 mji wa Unguja ulikuwa na majumba matatu ya sinema: Empire, Sultana ambalo baada ya Mapinduzi lilijulikana kwa jina la Cine Afrique, na Majestic pale Vuga, lililojengwa mwaka 1955 mahali lilipoungua jumba la Royal. Pemba nayo ilikuwa na sinema zake, Wete na Chake Chake. Picha za Kihindi zilijaza majumba hayo kuliko za Wazungu, na kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, mama na mabinti zao wakitoka kwa makundi na mabuibui yao, wakijua kwamba kwa saa tatu hakuna mwanamume atakayewaambia walie au wasilie. Kiswahili hakikuwemo katika picha hizo, si kwa sauti wala kwa maandishi. Ilibidi watazamaji wafuate kisa kwa macho, kwa nyimbo na kwa kuulizana, na aliyeitazama picha jana ndiye aliyemsimulia jirani yake leo. Bibi yangu mzaa mama, aliyekulia mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, hakujua Kihindi hata cha kuombea maji, lakini aliweza kukueleza mwanzo hadi mwisho kwa nini mwizi wa mifukoni katika picha ya CID alikuwa mtu wa kuaminika kuliko tajiri mwenye suti. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya watazamaji wa Zanzibar tunazungumza juu ya watu waliozoea kuishika picha nzima kichwani. Walilazimika kuishika, kwa sababu asiyeijua lugha hana pa kujishikiza isipokuwa mtiririko wa mambo.

Na hapa ndipo nafasi ya Johnny Walker inapoeleweka. Steringi wa picha za zama zile alikuwa mtu mzito. Anapenda kwa mateso, anaimba peke yake usiku, anadhulumiwa na familia yake, na anazungumza kwa lugha ya mashairi ambayo hata Wahindi wengine iliwapa shida. Johnny Walker alisimama pembeni yake kama rafiki, mtumishi, mchuuzi au mwizi mdogo, na kila alichokiona alikitafsiri kwa mwili: jicho moja likifumba, shingo ikirudi nyuma, mkono ukienda mfukoni ukakuta hamna kitu. Mtazamaji wa Malindi au wa Wete asiyeshika maneno ya steringi alimtazama rafiki wa steringi ili ajue kinachoendelea. Ndiyo maana nasema hakuwa mapumziko. Yeye ndiye aliyekuwa mlango. Alisimama mahali tulipokuwa sisi, nje kidogo ya mapenzi makubwa na mali nyingi, akiona kila kitu na akilipwa kidogo.

Chukua Pyaasa ya mwaka 1957, ambayo wimbo wake wa mkandaji wa vichwa ni miongoni mwa vipande vinavyopendwa mno hivi sasa. Katika kipande hicho cha dakika chache unamwona Abdul Sattar akizunguka Calcutta na chupa zake za mafuta, sauti ya Mohammed Rafi ikitoka kinywani mwake, akiwaita wenye vichwa vinavyozunguka waje awakande, na akidai kwamba mbele yake kila mtu huinamisha kichwa, bwana na mtumishi, mfalme na askari. Unacheka, unamtumia ndugu yako, imekwisha. Lakini picha inasimulia habari ya mshairi aitwaye Vijay, ambaye kaka zake waliyauza mashairi yake kwa bei ya karatasi taka. Anadhaniwa amekufa, mashairi yanachapishwa, yanapendwa na nchi nzima, na ghafla kila mtu ana faida ya kutaka abaki maiti. Mchapishaji anakuja hospitali alikolazwa, anamtazama usoni na kusema simjui. Rafiki yake anasema simjui, na Vijay anafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kaka zake wa damu, wameshahongwa, wanasema simjui. Anayemjua ni mkandaji wa vichwa. Abdul Sattar ndiye anayemtambua mchana kweupe na kumsaidia kutoroka. Hana hisa katika kitabu, hana jina la kulinda, na kazi yake ya kila siku ni kushika vichwa vya watu wa kila aina. Kumbe wimbo ule wa kuchekesha ulikuwa unamwandaa. Guru Dutt alituchekesha mapema ili baadaye tuone aibu, kwani tulimchukulia Sattar kama kichekesho cha njiani ilhali ndiye, pamoja na yule mwanamke wa mitaani Gulabo, aliyebeba heshima yote ya picha. Ukikata wimbo ukaurusha peke yake umebakiza mtu anayechezesha shingo. Ni sawa na kuokota kijiti cha mdalasini ndani ya sinia ukadai umekula pilau.

CID ya mwaka 1956 inafanya jambo hilohilo kwa njia nyingine. Humo Johnny Walker ni Master, mwizi wa mifukoni anayejikuta mahali ambapo mhariri wa gazeti ameuawa. Wimbo wake juu ya ugumu wa kuishi Bombay, ulioimbwa na Mohammed Rafi na Geeta Dutt, unazunguka sana, na vijana wetu waliohamia Dar es Salaam kutafuta maisha wanaupenda kwa sababu hata bila kuelewa maneno wanaijua hali: majengo, magari, mbio, na moyo hakuna. Mwandishi wake, Majrooh Sultanpuri, alitia ndani yake shutuma kali kwamba asiye na nyumba huitwa mhuni kwa kicheko, ilhali wanaowakata wenzao shingo huita kazi yao biashara. Ukiusikiliza peke yake, ni lalamiko zuri la mtu maskini. Ukiusikiliza ndani ya picha, ni ushahidi wa kesi. Muuaji halisi, aliyeagiza mhariri anyamazishwe, ni mheshimiwa tajiri ambaye hakuna anayemshuku. Mwizi aliye kwenye gari la farasi ameshakuambia, kwa wimbo na kwa kukonyeza, hukumu ambayo polisi wataifikia kwa tabu baada ya saa nzima. Watu wa Zanzibar ya mwaka 1956, mji wenye matabaka yake, wenye nyumba za mawe upande huu na vibanda vya udongo upande wa pili wa darajani, hawakuhitaji mtu wa kuwafasiria hilo.

Wanaotetea vipande wana hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba bila vipande hivi kijana wa miaka 17 asingemjua Johnny Walker kabisa. Ni kweli. Majumba ya sinema yamekufa, TVZ, televisheni ya Zanzibar ya utoto wetu, haipo tena kwa jina wala kwa ratiba, na duka la kaseti za video limegeuka duka la simu. Ya pili ni kwamba hata zamani watu hawakuzila picha nzima. Muziki wa picha za Kihindi ulipigwa redioni, ulichukuliwa na vikundi vya taarab na kidumbaki ukatiwa maneno ya Kiswahili, na wengi waliucheza arusini bila kuiona picha ulikotoka. Hii nayo ni kweli, na nadhani ndiyo hoja yao bora kuliko zote. Ila aliyechukua lahani ya Kihindi akaitungia shairi la Kiswahili alitengeneza kitu kipya chenye mwanzo na mwisho wake, akakisimamia mbele ya watu waliokuwa wakimjua. Anayekata dakika mbili na kuzirusha hajatunga chochote. Amepunguza tu. Ya tatu ni kwamba si picha zote 300 zilizokuwa Pyaasa. Hilo nalikubali bila kusita. Katika picha nyingi za baadaye visa vya mchekeshaji vilishonwa kando, na wasambazaji walikuwa wakidai lazima uwepo wimbo wa Johnny Walker hata pale kisa kisipouhitaji. Pia alishiriki katika vichekesho vilivyomfanya mwigizaji Tun Tun, mwanamke mnene, achekwe kwa sababu ya unene wake tu, na sioni haja ya kuvitetea leo. Ukikata vipande katika picha za namna hiyo hujaharibu kitu. Tatizo ni kwamba vinavyopendwa zaidi havitoki huko. Vinatoka katika zile chache ambazo mchekeshaji alikuwa uti wa mgongo.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa zaidi, ni ile inayosema mchekeshaji katika picha ya Kihindi aliwekwa ili watu wapumue kati ya kilio kimoja na kingine, kwa hiyo ukimtoa hujaondoa kitu cha maana. Wanaosema hivyo huongeza kwamba ndiyo sababu watu walikuwa wakitoka nje kununua njugu akiingia. Hoja hii inaanguka yenyewe mara tu unapotazama namna alivyofanya kazi na Guru Dutt. Mwongozaji huyu, aliyehesabu kila kivuli pamoja na mpigapicha wake V. K. Murthy, alimpa Johnny Walker uhuru wa kubadilisha maneno yake kama ana bora zaidi. Kama angemwona ni wa kujazia nafasi, asingemkabidhi ufunguo wa hospitali katika picha iliyo kilele cha kazi yake. Tena tazama Anand ya mwaka 1971, ya mwongozaji mwingine kabisa, Hrishikesh Mukherjee. Rajesh Khanna ni mgonjwa anayekaribia kufa ambaye anapita akiwapiga watu asiowajua bega na kuwaita Murarilal, akijifanya ni marafiki zake wa zamani, na wote wanamkatalia. Anayekubali mchezo ni Isa Bhai, mwenye kikundi cha maigizo, yaani Johnny Walker. Anaitikia papo hapo kana kwamba walikua pamoja. Ni kichekesho cha kuvunja mbavu. Baadaye Isa Bhai anajua kwamba rafiki huyu wa kuzuliwa anakufa kweli, na uso uleule wa masharubu ya mstari unavunjika. Maneno juu ya uhai na mauti kuwa mikononi mwa aliye juu, nasi kuwa vibaraka jukwaani, ambayo kila mpenzi wa picha za Kihindi anayakumbuka, yanatoka kwanza katika kinywa chake, na picha inamalizika kwa kuyarudia. Mtu wa mapumziko hapewi maneno ya mwisho.

Wapo pia wanaolichukulia pendo hili kuwa ni huzuni ya wazee kwa ujana wao, au mbaya zaidi, ni hamu ya siasa za kabla ya Januari 1964 iliyovaa nguo za sinema. Kuhusu hilo la pili nitapita haraka, kwani watu waliojaza Cine Afrique baada ya Mapinduzi walikuwa ni walewale wa Ng'ambo na wa mashamba, na hawakuacha kumpenda mwizi maskini wa CID kwa sababu serikali imebadilika. Kuhusu la kwanza, ni kweli kwamba mzee anapomwona Johnny Walker anaona na kiti chake cha mbao na harufu ya jasmini. Lakini huzuni ya mzee haielezi kwa nini mjukuu wake anacheka. Mjukuu hana kumbukumbu yoyote ya Empire. Kinachomchekesha ni ustadi, na ustadi huo ungemshika zaidi kama angepewa nafasi ya kuuona ukijengwa.

Wengine wanauliza kwa nini tujishughulishe na Mhindi wakati tunao wachekeshaji wetu. Swali la haki, ila linasahau sisi ni nani. Siti binti Saad alivuka kwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo za Kiswahili zilizouzwa pwani nzima. Njia ile ya bahari ilikuwa ya kwenda na kurudi, na kichekesho kilisafiri ndani yake kama zilivyosafiri nguo na viungo. Na kuhusu jina la pombe, ambalo baadhi ya walimu wetu wa dini wanalitaja kwa uchungu wa kweli, naliheshimu lalamiko hilo. Jina si zuri na hakulichagua. Ila tuangalie pia alichokifanya kwa jina hilo. Katika karibu kila picha aliyoigiza mlevi, mlevi alikuwa mtu wa kuchekwa, mwenye kupoteza kiatu na hadhi yake. Hakuna aliyetoka Majestic akitamani kuwa yule. Na aliyeigiza hivyo alikuwa mtu aliyejizuia na pombe na matusi pia, mpaka akaacha kazi badala ya kuyasema.

Kuna ulinganisho unaosaidia kuona kwa nini vipande vinamdhuru yeye zaidi ya wengine. Charlie Chaplin naye anazunguka sana simuni, lakini Chaplin anastahimili kisu. Alipoanza mwaka 1914 alikuwa akitengeneza picha fupi za dakika kumi au ishirini, kila kichekesho kikiwa na mwanzo, kati na mwisho wake, na yeye mwenyewe ndiye steringi. Kata popote utamkuta katikati ya fremu. Hata Raj Kapoor, aliyevaa uzururaji wa Chaplin katika Awaara ya 1951 na Shree 420 ya 1955 na kuiteka Zanzibar nzima, yeye ndiye kisa chenyewe. Johnny Walker alichagua, au alichaguliwa, kuwa wa pili. Nguvu yake yote iko katika uhusiano wake na yule wa kwanza: steringi analia, yeye anatafuta leso na kugundua ameiba ya steringi mwenyewe. Ukimtoa steringi, leso inabaki leso. Mchekeshaji wa pembeni hawezi kuonekana bila kitu kilicho katikati, na simu zetu zinapenda kukikata hicho.

Haya hayamhusu marehemu wa Mumbai peke yake. Amri Athumani, King Majuto wetu, aliyezaliwa Tanga mwaka 1948 na kufariki Agosti 2018, ameshaanza kupata matibabu hayohayo. Kijana anamjua kwa sekunde 30 za kupayuka, hajui kwamba mzee yule alikuwa na uwezo wa kukaa kimya katika kisa kirefu mpaka mtazamaji ashindwe kuvumilia. Na wachekeshaji wanaoinukia Unguja na Pemba, wengi wao wenye vipaji vya kushangaza, wanajifunza kutokana na wanachokiona. Wanaona kwamba kichekesho ni kuanguka katika sekunde ya tatu na kupiga yowe katika ya tano. Hawaoni rafiki anayesubiri, hawaoni mtumishi anayejua siri, hawaoni namna ya kumfanya mtu acheke saa ya kwanza ili alie saa ya tatu kwa jambo lilelile. Anayeandika mchezo baada ya shule ya namna hiyo ataweka mchekeshaji wake palepale wanapodai watu wa hoja dhaifu: katikati, kama mapumziko. Kosa la kumwelewa vibaya mchekeshaji wa jana litakuwa limezaa wachekeshaji wa kesho wanaolithibitisha.

Kwa hiyo ninachokiomba ni picha nzima, na hakihitaji miujiza. Kila zungumzo la kulifufua jumba la Majestic linapoibuka tunasikia mengi juu ya paa, viti na watalii, na kidogo mno juu ya kitakachooneshwa ndani. Si lazima tungoje paa. Ngome Kongwe imezoea kuonesha picha wakati wa tamasha la filamu la ZIFF, kumbi za Wete na Chake zipo, na wanafunzi wa Kiswahili wa chuo kikuu chetu, SUZA, wanaweza kuandika tafsiri ya kwenda chini ya picha, kazi ambayo ingewafunza kufupisha maneno kuliko insha kumi. Ningeanza na CID kwa sababu ina kasi na kila mtu atashikwa na kesi. Pyaasa ingefuata, bila kutiwa rangi, maana vivuli vya Murthy vikipakwa rangi vinakuwa kuta tu. Kwa onyesho la wanawake peke yao ningechagua Chaudhvin Ka Chand ya mwaka 1960, kisa cha Waislamu wa Lucknow, ambamo kila balaa linatokana na uso uliofunikwa na urafiki wa wanaume watatu. Johnny Walker ni wa tatu kati yao, na mama zetu watajua la kufanya naye.

Gharama ya haki miliki, ambayo hutajwa kila mtu anapotaka kulizika wazo la namna hii, ni ndogo kuliko inavyotishia. Sheria ya India inailinda picha kwa miaka 60 baada ya mwaka iliotolewa. Kwa hesabu hiyo CID ilitoka katika ulinzi huko mwanzoni mwa 2017, Pyaasa mwanzoni mwa 2018, na Chaudhvin Ka Chand mwanzoni mwa 2021. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na chombo chake, COSOZA, ambacho kazi yake ni kujibu maswali kama haya. Barua moja inatosha kupata msimamo wao kabla ya kuandaa onyesho. Kazi iliyobaki ni tafsiri, kitambaa cheupe, na tangazo linaloeleza wazi kwamba picha itaoneshwa yote, saa mbili na zaidi, pamoja na nyimbo zake.